Kinachomrudisha mgawa dawa wa Kivinje

Dawa za kukinga matende na mabusha zinapoletwa katika mji kama Kilwa Kivinje, kazi ya kuzifikisha vinywani mwa watu haifanywi na daktari wala muuguzi wa Hospitali ya Kinyonga. Inafanywa na jirani. Uongozi wa kitongoji unapeleka majina, waliochaguliwa wanapewa semina fupi, kisha wanakabidhiwa daftari, makopo ya vidonge na fimbo ndefu yenye alama, kwa sababu dozi ya Mectizan katika zoezi hili hupimwa kwa urefu wa mtu. Mwenye sentimita 90 hadi 119 anameza kidonge kimoja, 120 hadi 140 viwili, 141 hadi 158 vitatu, na kuanzia 159 kwenda juu vinne, pamoja na kidonge kimoja cha albendazole. Mjamzito hapewi, mgonjwa mahututi hapewi, na mtoto asiyefikia alama ya chini anaachwa akue. Tena mgawa dawa anatakiwa ashuhudie vidonge vikimezwa, maana vikishaingia mfukoni kwa ahadi ya "nitameza usiku nikishakula", ndiyo basi. Katika mji wa pwani mvuvi yuko baharini alfajiri na amelala mchana, mama yuko shamba, vijana wako kijiweni, na mzee wa nyumba anataka aelezwe kwa nini dawa hii inafuatwa mpaka mlangoni na bure, wakati nyingine dukani zinauzwa. Baada ya siku chache kazi imekwisha na daftari limerudishwa. Msimu mwingine majina yanatakiwa tena. Wapo ambao hawangoji kuitwa mara mbili, na wapo ambao, wakimwona mwenyekiti anakuja, wanatokea mlango wa uani.

Tofauti kati ya hao wawili si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linataka kingatiba hii irudiwe kila mwaka kwa angalau miaka 5, na kila mara ifikie asilimia 65 ya watu wote wa eneo, ndipo mnyororo wa minyoo inayosababisha matende uweze kukatika. Tanzania ilianza kugawa dawa hizi Mafia mwaka 2000, na pwani ya Lindi imekuwa miongoni mwa maeneo yenye mzigo mkubwa wa ugonjwa. William Kisoka na wenzake walifuatilia zoezi la mwaka 2011 katika mikoa ya Lindi na Morogoro, na katika makala yao ya mwaka 2014 walionyesha kuwa waliomeza dawa walikuwa zaidi kidogo tu ya nusu. Kinachogusa zaidi katika matokeo yao ni kwamba waliokosa, kwa sehemu kubwa, hawakuikataa dawa; haikuwafikia. Kampuni ya Merck imekuwa ikiitoa Mectizan bila malipo tangu mwaka 1987, na albendazole nayo hutolewa kama msaada. Dawa inavuka bahari, inapanda lori, inafika wilayani, halafu inakwama katika hatua ya mwisho, ile ya kutoka nyumba hadi nyumba, ambayo haina bajeti ya kueleweka na inamtegemea mtu ambaye hakuna anayeweza kumlazimisha. Kwa hiyo swali la kwa nini mtu huyo arudi mwaka wa pili, wa tatu na wa nne lina uzito sawa na swali la dawa yenyewe.

Majibu mawili yamezoeleka. Viongozi jukwaani husema ni moyo: ana moyo wa kujitolea, au hana. Watu wa miradi, hasa wakiwa peke yao bila kinasa sauti, husema ni posho: ukilipa wanakuja, usipolipa unabaki na viti. Jibu la kwanza halielezi kitu, kwa sababu mtu yuleyule asiyeonekana kwenye usafi wa soko ulioandaliwa na asasi fulani huonekana alfajiri akichimba kaburi la mtu ambaye hata hakuwa ndugu yake. Moyo wake haukubadilika kati ya Jumamosi na Jumatatu. Jibu la pili lina ukweli ndani yake, nami nitalirudia, lakini linashindwa kueleza kwa nini shughuli zilizolipa posho nono zimeacha vikundi vilivyokufa wiki ile ile mradi ulipofungwa, huku shughuli zisizo na senti zikiendelea tangu enzi za mababu.

Hoja yangu ni kwamba mtu anayejitolea mara mojamoja hurudi kwa sababu ya deni. Sisemi deni la fedha. Ni lile ambalo majirani wa pwani wanaishi nalo kila siku na ambalo hakuna anayetaka liishe: wewe ulikuja kwangu, na mimi nitakuja kwako, na hatutakaa chini kupiga hesabu. Palipo na deni la namna hiyo watu wanarudi. Ambapo asasi imelilipa deni papo hapo kwa noti, au imekataa kudaiwa kabisa, hawarudi, na wala hawana kosa.

Uangalie msiba wa Kivinje, au wa mji wowote wa pwani. Habari ikitoka tu, kazi zinajigawa zenyewe. Vijana wanakwenda makaburini na majembe, wengine wanafuata turubai na mikeka, kina mama wanachambua mchele na kukuna nazi, mwenye gari anabeba wageni kutoka stendi, na kuna mtu, aghalabu mzee mmoja mtulivu mwenye daftari la mistari, anaandika nani ameleta nini. Hakuna semina, hakuna fulana, hakuna posho. Na bado watu hao hao wanakutana tena kwenye arubaini, kisha kwenye harusi, kisha kwenye maulidi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2022 kuhusu hali ya kujitolea duniani ilikadiria kuwa kila mwezi watu milioni 862 wanajitolea, yaani takribani asilimia 15 ya wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Lakini wanaofanya hivyo kupitia shirika au asasi ni asilimia 6.5 tu, na wanaojitolea moja kwa moja kwa wenzao bila kupitia shirika ni asilimia 14.3. Hii ina maana kwamba asasi inayoingia Kivinje haimkuti mtu asiyejua kujitolea akafundishwe. Inamkuta mtu ambaye kalenda yake ya kujitolea tayari imejaa, naye anapima kama mgeni huyu ni wa kuwekewa nafasi.

Msiba una sifa tatu ambazo miradi mingi haina. Kwanza, kazi yake ina mwisho unaoonekana: kaburi likishafukiwa limefukiwa. Pili, aliyekuja ameonekana. Mwenye msiba anajua, na asipokuja safari nyingine ataulizwa kwa upole kama anaumwa. Tatu, na hili ndilo kubwa, siku ya kwake ipo. Anajua bila shaka yoyote kwamba akifikwa, wale wale watakuja. Wapo wanaodhani kujitolea kwa kweli ni kule kusikotarajia chochote, na kwamba ukitaja marejesho umeshakichafua kitendo. Naona hilo ni wazo la watu wasiohitaji majirani. Katika miji yetu kinachomweka mtu ndani ya jamii ni kudai na kudaiwa, na mtu asiyedaiwa na yeyote hatumhesabu kuwa mwema kuliko wengine, tunamhesabu mpweke.

Tukishaona hivyo, posho nayo inaonekana kwa sura nyingine. Shilingi elfu chache anazopewa mgawa dawa baada ya siku kadhaa za jua hazitoshi kuitwa mshahara, na kila mtu analijua hilo. Lakini zinatosha kufunga hesabu. Aliyezitoa anahisi amemalizana na aliyezipokea, na aliyezipokea anajua kuwa sasa hadai tena. Kazi iliyokuwa heshima imegeuka kibarua, tena kibarua cha bei mbaya. Mwaka 2000 wanauchumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha jaribio walilofanya Israel kwa wanafunzi waliopita nyumba kwa nyumba kukusanya michango ya hisani. Kundi moja halikulipwa kitu, la pili liliahidiwa asilimia 1 ya makusanyo, la tatu asilimia 10. Waliofanya bure walikusanya kuliko wote. Walioahidiwa asilimia 1 walikuwa wa mwisho. Mtu yeyote aliyewahi kusikia manung'uniko ya nje ya ukumbi wa semina, pale bahasha zinapofunguliwa, asingehitaji safari ya Israel kulijua hilo, ila ni vizuri kwamba kuna aliyelipima.

Ushahidi wa karibu zaidi unatoka Uganda. Moses Katabarwa, mtafiti Mganda aliyefanya kazi kwa miaka mingi na Kituo cha Carter, alichunguza ugawaji wa dawa hiyohiyo ya Mectizan, safari hii dhidi ya usubi. Utaratibu wa mwanzo ulikuwa kijiji kuchagua wagawaji wachache wa kuhudumia eneo zima. Wengi waliacha baada ya muda na waliobaki walidai malipo. Katabarwa na wenzake wakajaribu njia nyingine: wagawaji wawe wengi, kila mmoja ahudumie nyumba chache za ukoo wake mwenyewe, karibu na kwake, na ukoo wenyewe ndio umchague. Madai ya malipo yalipungua, walioacha wakawa wachache, na dawa ikawafikia watu wengi zaidi. Moyo wa watu wale ulikuwa uleule na umaskini wao ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kwamba sasa aliyebisha hodi alikuwa akibisha kwa shangazi yake, na shangazi si mtu wa kumtumia bili. Hata uchovu ulipungua, kwa sababu nyumba chache za karibu humalizwa kabla jua halijawa kali. Asasi nyingi hufanya kinyume: hutafuta watu wachache "wachapakazi", huwatwika mzigo mkubwa ili semina iwe rahisi kuendesha, kisha hushangaa wanapochoka.

Kilwa ina sababu zake za kuwa makini na kazi inayoitwa ya pamoja. Mwaka 1902, chini ya Gavana von Götzen, Wajerumani walianzisha mpango wa mashamba ya pamba ya jumuiya katika pwani ya kusini. Kwa maelezo ya karatasini ulionekana wa ushirika kabisa: kila mtu mzima afanye kazi siku 28 kwa mwaka katika shamba la jumbe, na mapato yagawanywe. Lakini aliyeitisha watu alikuja na viboko, siku hizo ziliangukia msimu ambao watu walitakiwa kwenye mashamba yao wenyewe, na kilichorudi mkononi mwa mlimaji kilikuwa kidogo mno au hakikuwepo. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, ndani ya wilaya hiihii ya Kilwa, watu waling'oa mashina machache ya pamba, na kutoka hapo Vita vya Majimaji vikaenea kusini nzima. Miaka 10 kabla, Hassan bin Omari Makunganya alikuwa amenyongwa Kivinje kwa kupinga utawala huohuo. Siinui historia hii ili nifananishe asasi ya leo na Mjerumani, ingekuwa matusi. Naitaja kwa sababu inaonyesha kitu kimoja kwa uwazi usio na mfano: kazi ya siku chache kwa mwaka, yenye jina zuri na ahadi ya mgawo, haikuwafanya watu warudi kwa hiari hata siku moja, kwa vile waliyemfanyia kazi hakuwa na deni lolote kwao. Kizazi baada ya kizazi, mtu wa Kilwa akiitwa "kwenye maendeleo" ana haki ya kuuliza faida inakwenda kwa nani.

Jibu zuri la swali hilo lipo, tena lipo msituni. Mwaka 1996 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge walifika kusini mwa Tanzania kwa safari ya utafiti ya muda mfupi, lengo likiwa kuhesabu na kupima mpingo, mti wa taifa ambao mafundi wa Ulaya hutengenezea zumari na klarineti, na ambao huchukua miongo mingi kukomaa. Ilikuwa safari ya kawaida ya wanafunzi wa likizo, ya aina ambayo mara nyingi huisha na picha. Hii haikuisha. Timu nyingine zilikuja 1998 na 1999, na kutoka humo likazaliwa shirika lenye makao yake Kilwa, linalojulikana leo kama MCDI. Shirika lilitumia Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, inayokiruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi katika ardhi yake na kuuza mazao yake chenyewe. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora, ya kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayomilikiwa na jamii. Mwanzoni gogo la mpingo liliondoka na kumwachia mwanakijiji vumbi la lori. Sasa kijiji kinauza, na fedha zinaingia kwenye mfuko wa kijiji kwa ajili ya visima, madarasa na mengineyo yanayopitishwa na mkutano.

Wanaoulinda msitu huo ni wajumbe wa kamati za maliasili za vijiji, watu wenye mashamba yao ya ufuta na mihogo, wanaotoka kwa zamu kwenda doria, kukagua mipaka, kupima miti na kuzuia moto. Doria si matembezi. Kuna nyoka, kuna tembo, kuna mvunaji haramu mwenye panga. Kile kidogo wanachopewa siku ya doria hakitoshi kueleza kwa nini wanarudi. Maelezo yapo kwenye mkutano wa kijiji, pale hesabu inaposomwa na kila mmoja akasikia miti mingapi imeuzwa, kwa kiasi gani, na fedha zimefanya nini. Msitu unawadai ulinzi, nao wanaudai kisima. Tena wanafunzi wale wa Cambridge, ambao hawakuwa na shangazi Kikole, wanaonyesha kuwa deni si lazima lizaliwe na damu. Ukishahesabu miti ya watu na kuwaahidi matokeo, umeshakopa. Wageni wengi hukopa hivyo wakaondoka. Hawa walirudi kulipa, na kwa kurudi kwao wakawapa wenyeji sababu ya kurudi pia.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yana habari inayokaribiana na hiyo. Yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 kwa sababu bahari ilikuwa ikiila pwani na kuta zikianguka, na yakaondolewa kwenye orodha hiyo ya hatari mwaka 2014. Katikati ya hapo kulikuwa na fedha za wafadhili na utaalamu wa nje, lakini kulikuwa pia na wanavisiwa waliojifunza kuchanganya chokaa, kujenga upya kwa mawe ya matumbawe na kupanda mikoko ya kukinga fukwe. Kivinje yenyewe, iliyo bara na isiyomo kwenye orodha ya dunia, ina nyumba za karne ya kumi na tisa zinazobomoka ghorofa kwa ghorofa, na sioni ajabu kwamba kuwaita watu wakasafishe magofu ya nyumba zenye wenyewe, wanaoishi Dar es Salaam au Uarabuni, hakuvuti umati.

Wapo watakaoniambia kwamba yote haya ni maneno mazuri ya mtu aliyeshiba. Mama anayeacha genge lake siku tatu amepoteza siku tatu za chakula, na kumwambia alipwe kwa deni la ujirani ni kumdhulumu kwa lugha tamu, hasa wakati meneja wa mradi analala hotelini kwa fedha za mradi huohuo. Pingamizi hili lina nguvu na sehemu yake kubwa naikubali. Utafiti uliofanywa kwa wahudumu wa afya ya jamii 20 mkoani Morogoro na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta kuwa nia ya kusaidia na heshima ya jamii viliwasukuma, lakini pia kwamba wengi waliweza kuendelea kwa sababu familia zao ziliwabeba, kwa fedha na kwa kuwafanyia kazi za nyumbani. Kwa maneno mengine, kuna mtu mwingine asiyeonekana, mara nyingi mke, mume au binti, ambaye ndiye analipia kujitolea kule. Asasi isiyorudisha nauli, isiyonunua vocha wala maji ya kunywa, haijengi deni la ujirani. Inakula mtaji wa watu. Gharama zirudishwe zote, tena bila kusainisha watu karatasi nne. Ila kurudisha gharama ni jambo moja na kuweka bei ya utu ni jingine, na mtu anaijua tofauti yake: nauli uliyorudishiwa haikufanyi ujione umenunuliwa. Na kazi ikishavuka siku chache kwa mwaka, ikawa ya kila wiki, basi si kujitolea mara mojamoja tena. Hiyo ni ajira, na ajira inalipwa mshahara.

Wengine watasema nimelisahau jambo kubwa kuliko yote katika mji wa Waislamu kama Kivinje, nalo ni thawabu. Mtu anatoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na hataki malipo ya kiumbe. Sina ubishi na hilo, lakini thawabu inaeleza kwa nini mtu atoe, haielezi atoe wapi. Milango ya kheri ni mingi. Aliyejitolea kwenye asasi akadharauliwa anaweza kuchuma thawabu ileile kwa kufagia msikiti au kumpikia mgonjwa, na hatapungukiwa kitu. Ni asasi ndiyo itakayopungukiwa. Kuhusu vijana waliomaliza vyuo, wanaojitolea wakitumaini ajira, sidhani kama wanahusika sana hapa. Hao hawarudi kwa deni wala kwa moyo. Wako kwenye foleni, na foleni isiposogea wanahama. Ni haki yao, ingawa si vizuri kuwaita wanaojitolea.

Pingamizi linaloniumiza kichwa zaidi ni la namna nyingine. Deni la ujirani lina mipaka, na mpaka wake ni ujirani. Anayemgawia shangazi dawa atamgawia na nani mwingine? Tangu mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu na Ihefu, wengi wao, Wasukuma na Wabarabaig, walielekezwa mikoa ya kusini ukiwamo Lindi, na leo wana makazi na mifugo ndani ya wilaya ya Kilwa. Uhusiano wao na wakulima umekuwa na majeraha. Wao si shangazi wa mtu yeyote Kivinje, wala jina lao halimo kwenye daftari la msiba. Mpango unaoegemea ukoo utawaruka, lakini mbu wanaoeneza matende hawatawaruka. Jawabu nililonalo ni la nusu: wafugaji nao wana koo zao na deni lao wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo mgawa dawa wao atoke kwao, achaguliwe na wao. Kutuma mgeni mwenye sare hakusaidii. Katikati ya mwaka 2008 shule za mkoa wa Morogoro zilikumbwa na vurugu, wazazi wakavamia madarasa baada ya uvumi kwamba watoto wanadhuriwa na dawa za kichocho na minyoo, na waliochunguza baadaye walieleza jinsi wazazi walivyokuwa wamenyimwa maelezo tangu mwanzo. Dawa iliyotolewa na mtu usiyeweza kumfuata kesho kumuuliza ni dawa ya kutiliwa shaka. Lakini nakiri kwamba kumchagua mgawaji kutoka boma la wafugaji hakujengi deni kati ya boma hilo na mji. Hilo linahitaji kitu kingine, na sidhani kama ni kazi ya asasi ya afya.

Lililo ndani ya uwezo wa asasi ni kukubali kudaiwa. Kwa kawaida taarifa za kazi hupanda tu: daftari linakwenda kata, kata inapeleka wilaya, wilaya mkoa, mkoa Dodoma, na nakala inakwenda kwa mfadhili ng'ambo. Kwa aliyetembea na fimbo haurudi hata mstari mmoja. Hajui kitongoji chake kilifika asilimia ngapi, hajui kama walioandikiwa upasuaji wa mabusha walifanyiwa, hajui kama mwaka ujao kazi itaendelea au imetosha. Huko Stockholm, Sweden, huduma ya damu humtumia mchangiaji ujumbe wa simu siku damu yake inapotumika kwa mgonjwa. Ni ujumbe wa sentensi chache, wenye gharama isiyofikia ya chupa ya maji, na unamwambia mtu kwamba alichotoa kilifika. Kilwa kila kitongoji kina simu za kutosha, na kama ujumbe wa simu ni mkavu mno, mkutano upo, baraza la msikiti lipo baada ya Ijumaa, na mwanamume aliyefanyiwa upasuaji wa busha akapona naye yupo, ambaye neno lake moja kijiweni linamtia nguvu mgawa dawa kuliko bango la rangi nne.

Yote haya yanapata haraka mpya kwa mambo mawili. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya afya nchini, ikiwamo iliyolipia semina na posho, ikajikuta haina mafuta ya gari. Mwaka mmoja kabla, mwishoni mwa Januari 2024, serikali yetu ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga zaidi ya watu 137,000 katika miaka 5, yaani wawili kwa kila kitongoji au mtaa, waliopewa mafunzo na kulipwa posho ya mwezi. Ni hatua njema, kwa sababu kazi yao ni ya kila siku. Lakini wawili hawawezi kupima urefu wa kila mtu Kivinje ndani ya siku chache, na kingatiba ikija majirani wengine wataitwa tena, bure. Hapo pana mtego. Katika uchochoro mmoja kutakuwa na mmoja anayelipwa na mwingine asiyelipwa, wote wameshika fimbo ileile. Kama yule anayelipwa atatumwa kusimamia wenzake na kukusanya madaftari yao, wenzake watapiga hesabu haraka sana, na mwaka unaofuata atabisha hodi peke yake. Kama mshahara wake utamtaka pia arudi kwao na majibu, nyumba kwa nyumba, asome asilimia za kitongoji mbele ya waliozitafuta na aeleze nani amepona na nani bado, basi angalau kutakuwa na mtu mmoja anayelipwa ili asasi isisahau inadaiwa na nani.